Klachi Njema Hujulikana kwa Kuachia

Waulize vijana wenye kwadi za michezo hapa Malindi klachi bora ni ipi, nao watakujibu: ile inayoshika. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Klachi ina kazi mbili, kushika na kuachia, na ubora wa fundi huonekana kwenye hiyo ya pili. Kushika kunanunulika. Mtu anaagiza springi ngumu, anazifunga jioni, na asubuhi injini iliyokuwa ikilia bure inapeleka nguvu yake yote magurudumuni. Kuachia hakuuzwi dukani. Kunatokana na usawa wa kila kipande kilichomo ndani, na usawa huo hupatikana kwa kupima, kusugua, kupanga, kisha kupima tena.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuiongezea injini yake nguvu, na sasa amesimama mbele ya fundi au mbele ya kabati la spea bila kujua atazame nini.

Kwanza tutenganishe mashine. Kwadi za kukodisha watalii kwa kawaida hazina mkono wa klachi. Huendeshwa kwa mkanda, au kwa klachi inayojifunga yenyewe injini ikizunguka kwa kasi. Hizo zina ustadi wake, nami siziingilii. Nazungumzia kwadi za kubadili gia kwa mguu na kuminya klachi kwa mkono wa kushoto: Yamaha Raptor 700, YFZ450, Honda TRX450R, na ile Banshee ya zamani yenye silinda mbili. Ndani yake kuna pleti nyingi zilizopangwa kwa zamu, moja yenye kitambaa cha msuguano, moja ya chuma tupu, zote zikiogelea katika oili. Muundo huo ndio uliomo kwenye Boxer ya boda boda na kwenye tuktuki ya Bajaj. Ndiyo maana usidharau karakana za pembeni. Tangu serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, boda boda zilijaa kutoka Mtwapa mpaka Marafa, na fundi aliyezifungua miaka yote hiyo, baada ya kubebeshwa abiria wawili na gunia la makaa kwenye mchanga wa Ganze, amezijua tabia za klachi kuliko mtu aliyesoma katalogi. Anachohitaji ni vipimo vya mashine yako na vifaa vya kupimia.

Kwa nini kuachia kuwe na uzito zaidi pwani hii? Vuka daraja la Sabaki uelekee Mambrui. Mto unashusha mchanga na udongo kutoka bara, bahari inautupa ufuoni, upepo unaupandisha kuwa vilima. Ni mchanga laini na mkavu. Gurudumu linapoanza kuzama, dereva anaminya klachi nusu ili mzunguko wa injini usianguke, anaachia, anaminya tena. Kila klachi ikiwa nusu nusu, pleti zinasuguana na kuzaa joto. Kwenye lami jambo hilo hutokea wakati wa kuondoka tu. Mchangani hutokea kila kilima. Klachi ya Mambrui inafanya kazi yake kubwa ikiwa katikati, haijashika wala haijaachia, na hapo ndipo kasoro zote zinapojionyesha.

Sasa tazama hesabu ambayo kila mwenye kwadi anapaswa kuijua. Ukivuta mkono wa klachi mpaka mwisho, presha pleti, ile inayobana pleti zote kwa nguvu ya springi, hunyanyuka kiasi cha milimita moja na nusu hivi. Chukua klachi yenye pleti nane za msuguano: kila moja ina nyuso mbili, jumla nyuso 16. Ile milimita moja na nusu inagawanywa kwa nyuso hizo zote, na kila mwanya unabaki chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Huo ndio uhuru wote ulionao. Pleti moja ya chuma ikipinda kwa 0.2, springi moja ikiwa fupi kuliko wenzake, au sikio moja la pleti likikwama kwenye mfereji wake, uhuru umekwisha. Mashine itasukuma mbele hata ukiwa umeminya, gia ya kati (nyutro) itakuwa haipatikani, na pleti zitaendelea kuungua polepole wakati wewe unadhani umezipumzisha.

Nguvu ambayo klachi inaweza kuibeba bila kuteleza hutokana na mambo manne: ukali wa springi, idadi ya nyuso zinazosuguana, nyenzo iliyobandikwa kwenye pleti, na umbali wa nyuso hizo kutoka katikati ya shafti. La nne huna namna ya kulibadilisha bila kubadilisha klachi nzima. Matatu yaliyobaki ndiyo soko la vipuri lilipo, na springi ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko vyote.

“Weka springi ngumu, kaka, itashika.” Utalisikia hilo kila karakana, na kwa wiki chache litakuwa kweli. Pleti zinapoliwa, rundo lao hupungua unene, na springi hulegea kwa kuwa nafasi imeongezeka. Springi ngumu zinaifunika dalili hiyo. Pleti zilizokwisha zinalazimishwa kushika, zinapata joto, na zinapokufa zinaondoka na pleti za chuma pia. Tena mkono wa klachi unakuwa mzito. Dereva aliyechoka hauvuti mpaka mwisho, na mkono usiovutwa mpaka mwisho ni klachi isiyoachia. Kwa injini iliyoongezewa nguvu kiasi, mimi naridhika na springi zilizozidi ugumu wa asili kwa asilimia 10 hadi 15, basi. Anayekuuzia ngumu kuliko hizo akueleze ni kasoro gani anaiziba.

Springi huhukumiwa kwa macho kabla ya kufungwa. Zisimamishe zote juu ya kioo. Vichwa viwe kwenye mstari mmoja. Ncha zake ziwe zimesagwa bapa ili zisimame wima bila kuegemea. Urefu wake ukipimwa kwa kalipa usitofautiane hata nusu milimita. Springi tano mpya zisizolingana ni mbaya kuliko tano kuukuu zinazolingana, kwa sababu presha pleti itanyanyuka upande upande, na upande uliobaki chini utaendelea kusugua.

Kwenye pleti za msuguano, ujue kwanza nyenzo. Koki, ile ya rangi ya kahawia nyepesi, hushika kwa upole lakini haivumilii joto. Imetumika miaka mingi kwenye pikipiki ndogo na huko ndiko kwake. Nyuzi zilizokandwa pamoja na gundi ngumu, zinazoitwa pleti za karatasi, ndizo wanazotumia watengenezaji wengi wa mashine mpya, na zikitoka kwa kampuni ya maana kama FCC ya Japani, mtu asikuambie kwamba ni duni kwa kuwa ni za asili. Kevlar huishi muda mrefu na hupokea nguvu taratibu, sifa nzuri kwa mchanga. Zile za unga wa metali uliochomwa hushika kwa ukali sana na kuzila pleti za chuma. Washindani wa mbio wanaofungua injini baada ya kila shindano ndio wanaozifaidi. Mtu wa Malindi anayeendesha wikendi nzima kwenda Ngomeni na kurudi hazimfai.

Halafu tazama kazi ya mikono. Vipande vya msuguano viwe vimepangwa kwa nafasi sawa, mifereji kati yake iwe safi, maana humo ndimo oili inamopita kuchukua joto. Gundi isiwe imevuja pembeni. Kwaruza kwa ukucha: pleti mbovu hutoa unga. Pima unene sehemu nne za pleti moja, kisha linganisha pleti kwa pleti. Tofauti kati ya pleti mpya na iliyokwisha ni 0.2 au 0.3 ya milimita tu, kwa hiyo pleti mpya zinazotofautiana kwa 0.1 zimekuja na theluthi au hata nusu ya maisha yao imeshaliwa. Boksi zuri si ushahidi. Kalipa ndiyo ushahidi, na muuzaji anayekukataza kupima mbele yake amekwisha kukujibu.

Pleti za chuma ndizo zinazoonewa. Watu hununua seti ya msuguano na kurudisha chuma zile zile, kwa kuwa chuma haionekani kuisha. Ilaze kila moja juu ya kioo kinene na ujaribu kupitisha fila, lile bamba jembamba la kupimia mwanya, ya milimita 0.15 chini yake, ukizungusha pande zote. Vitabu vingi vya watengenezaji huvumilia kupinda kwa 0.2. Kwa mashine iliyoongezewa nguvu, ukikumbuka ule mwanya wa chini ya sehemu ya kumi, mimi naiweka kando inayopitisha 0.15. Rangi nayo inasema. Madoa ya manjano hafifu yanaweza kusameheka, lakini buluu maana yake chuma imepikwa, na chuma iliyopikwa haitakaa sawa hata ukiisugua wiki nzima. Uso wake usiwe kioo: chuma nzuri huwa na vijishimo vidogo au ukwaruzo wa kufifia unaoshikilia oili. Iliyong'aa kwa kusuguliwa na pleti zilizoungua inaweza kurudishwa kwa msasa wa wastani, kwa mizunguko, juu ya sehemu bapa, ikiwa bado haijapinda. Jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi hulipita: pleti hizi hukatwa kwa mashine ya kubonyeza, kwa hiyo upande mmoja una ukingo mkali na wa pili una ukingo wa mviringo. Fundi makini huzipanga zote zikielekea upande mmoja. Ukimwona anazigeuza moja moja kwenye mwanga kabla ya kuzitia, umepata mtu.

Nimefika kwenye basketi, na hapa nitakaa kidogo. Basketi ndiyo nyumba ya klachi, yenye vidole vya aluminiamu ambavyo masikio ya pleti huingia katikati yake. Ya kiwandani huwa imemiminwa kwenye kalibu. Kila injini inapovuta na kuachia, masikio ya pleti hugonga vidole, na nguvu ikiongezwa, mapigo yanakuwa makubwa zaidi. Baada ya muda vidole vinatokea mikato midogo. Pleti inapotaka kuteleza nje ili iachie, sikio linakwama kwenye mkato, linachomoka, linakwama kwenye wa pili, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Dereva analisikia kama mshtuko mkononi na anailaumu springi. Pitisha ukucha kwenye kila kidole. Ukucha ukigusa tu ukapita, tupa nyembamba itamaliza kazi, mradi kila kidole kisuguliwe sawa na wenzake. Ukucha ukizama, usiruhusu mtu achukue tupa. Atapanua mfereji, masikio yatapata nafasi ya kugonga kwa nguvu zaidi, na baada ya mwezi mikato itarudi mirefu kuliko ya kwanza. Vilevile kagua kitovu cha ndani, ambako chuma huteleza. Mikato yake ni midogo lakini madhara ni yale yale.

Hapo ndipo basketi iliyochongwa kutoka kipande kizima cha aluminiamu ngumu inapostahili bei yake. Hinson wa California wamejijengea jina kwa kazi hiyo. Nzuri huonekana hivi: vidole vinene kuliko vya asili, pembe za chini zimeviringwa ili zisianze kupasuka, matundu ya oili yamesafishwa pembe zake, na ngozi ya nje imekazwa kwa umeme ikawa na rangi moja ya kijivu au nyeusi bila mabaka. Lakini ukiinunua ujue mara nyingi gia ya nyuma inahamishwa kutoka kwenye basketi yako ya zamani. Zile raba zinazomeza mshtuko kati ya gia na basketi ziwe mpya, na boliti za nyuma zitiwe gundi ya kuzuia kulegea. Kwenye basketi ya asili, shika gia kwa mkono mmoja na nyumba kwa mwingine, uzungushe kwa nguvu. Ikicheza wazi wazi, au riveti zikitoa mlio, basketi hiyo imemaliza safari yake hata kama vidole ni vizima.

Kabla ya gharama zote hizo, angalia kebo. Sisi tunaishi katika chumvi. Kutoka Takaungu mpaka mashamba ya chumvi ya Gongoni upepo wa bahari unaingia kila tundu, na nyuzi za kebo hushika kutu ndani ya ganda ambako huoni. Kebo nzito huiga kila ugonjwa: ikikwama wakati wa kurudi, klachi inateleza kana kwamba pleti zimekwisha, ikijivuta na kurefuka, klachi haiachii kana kwamba chuma imepinda. Ichomoe pande mbili, uivute kwa vidole. Iteleze kimya, bila mkwaruzo. Kisha acha uchezaji wa milimita 10 hivi kwenye ncha ya mkono, na ufuate kitabu cha mashine yako pale kinapotaja kipimo kingine. Asiyeacha uchezaji wowote anaifanya klachi iwe imeminywa kidogo muda wote. Nimeziona seti nzima zikiungua kwa kosa hilo peke yake.

Oili haina mjadala mrefu. Klachi hizi zinaogelea, kwa hiyo tafuta kwenye chupa alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Wajapani kwa injini zenye klachi ndani ya oili. JASO MB ina msuguano mdogo, nayo haifai hapa. Oili za magari za kupunguza matumizi ya mafuta hutiwa viungo vya kulainisha ambavyo ni sumu kwa pleti zako. Ukishaitumia oili ya namna hiyo na klachi ikaanza kuteleza, kubadilisha oili peke yake huenda kusitoshe, kwani pleti zimeshainywa. Na oili inayomwagwa inukie oili. Ikinuka kuungua, fungua klachi kabla hujatia nyingine.

Siku ya kufunga, nenda ukae karakanani. Nenda asubuhi. Mchana upepo wa bahari ukishapanda, mchanga unaruka, na karakana nyingi zetu ni kivuli cha mwarobaini tu. Fundi anayejali atafunika kitako cha injini kwa kitambaa safi, na ataweka vipande kwenye sinia kwa mpangilio aliovitoa. Pleti mpya ziwe zimelowekwa kwenye oili ile ile tangu usiku. Zikifungwa kavu huungua dakika za kwanza kabla oili haijazifikia. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa kitu kisichochimba aluminiamu, si bisibisi. Boliti za springi zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, moja kisha ya mkabala wake, na mwisho kwa spana ya kupimia nguvu. Zinaingia kwenye nguzo za aluminiamu zinazohitaji nguvu ndogo sana, na mkono uliozoea boliti za lori huzivunja. Kabla hajafunga kifuniko, mwombe avute mkono wa klachi huku wewe ukitazama presha pleti. Inyanyuke sawa pande zote, kama sahani moja. Ikiinuka upande, mwambie kwa adabu, “Fundi, tuipime tena springi,” na usikubali kufunga. Fundi mzuri hatakasirika.

Majaribio yafanyike injini ikiwa na joto. Mahali tambarare, minya klachi, tia gia ya kwanza: mashine isitambae, na gia ya kati ipatikane kwa ncha ya kidole cha mguu. Hilo ndilo jaribio la kuachia, na lifanyike la kwanza. Kisha kwenye barabara tupu, gia ya tatu, mzunguko mdogo, fungua mafuta yote kwa ghafla. Injini ikipanda mlio bila mwendo kupanda, inateleza. Ukishamaliza hayo nenda mchangani, upande kilima kwa klachi ya nusu, urudie mpaka ipate joto, halafu uangalie kama mahali inaposhikia kwenye safari ya mkono pamehama. Ikihama sana, kuna kitu kimepinda ndani. Tafadhali majaribio hayo yasifanywe kwenye ufuo wa juu, ambako kasa hutaga. Watu wa Watamu wamekuwa wakilinda viota vya kasa hao tangu 1997, na kwadi moja inatosha kubomoa kilichofukiwa usiku mmoja kabla.

Mwenye pesa chache afuate mpango huu: kebo mpya, oili ya MA2, seti kamili ya pleti za msuguano pamoja na chuma kutoka kwa mtengenezaji wa mashine, na springi zilizozidi za asili kidogo tu. Basketi ya kuchongwa isubiri mpaka vidole vya asili vikatike kweli. Mtu akikupa springi peke yake na kukuambia klachi imeboreshwa, mrudishie springi zake.